Kwangu, chumba kipo

Ujumbe uliingia kwenye grupu la ukoo usiku. Aliyeuandika ni bibi yetu mmoja, mtu wa maneno machache, ambaye kwa kawaida hutuma dua na kuondoka zake. Safari hii aliuliza: "Jamani, akishushwa hapo uwanjani, anafikia kwa nani?"

Kimya.

Watu walikuwepo hewani, nilikuwa nawaona. Siku zote hizo, tangu Uingereza itake kumfukuza kijana wetu aliyemaliza kifungo kule, tulikuwa tumezungumza habari za wakili, mchango, tarehe ya rufaa na nani ampigie mama yake simu leo. Hilo la kufikia hatukuwa tumeligusa. Kuligusa kungekuwa kama kukubali kwamba atarudishwa kweli.

Kisha mjomba akaandika: "Kwangu. Chumba kipo."

Asubuhi nilipofungua simu, mahali pale palisomeka kwamba ujumbe umefutwa.

Imepita miezi sasa. Kesi yenyewe nimeizoea kiasi, lakini ujumbe ule uliofutwa bado unanisumbua. Ndiyo maana naandika.

Ndugu wawili, kizimba kimoja

Kisa nitakisema kwa kifupi na bila majina. Dada yetu alihamia Uingereza na mtoto wa kiume wa miaka minne. Baadaye akapata ukaazi wa kudumu, akajifungua mwingine hukohuko. Kwa sheria ya kule, mtoto anayezaliwa nchini humo na mzazi mwenye ukaazi wa kudumu ni raia tangu anapozaliwa. Mkubwa alibaki mgeni mwenye kibali. Walisoma shule ileile, wakashabikia timu ileile, na lafudhi yao ukiisikia kwenye simu huwezi kujua anayezungumza ni yupi.

Wakafanya uhalifu pamoja. Sitaupamba. Walimvamia mtu usiku, mmoja akiwa na kisu, wakamnyang'anya simu na pochi. Wakakamatwa, wakakiri, jaji akawapa miaka mitatu kila mmoja.

Siku ya kutoka ilipofika, mdogo alipita getini na mfuko wa nguo, kesho yake akaripoti kwa afisa wa uangalizi. Mkubwa hakutoka. Aliletewa karatasi selini: kifungo chako kimekwisha, sasa unashikiliwa kwa mamlaka ya uhamiaji. Alilala kitanda kilekile alicholala jana. Kilichobadilika ni kifungu cha sheria tu.

Sheria ya mwaka 2007 inasema mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, waziri ni lazima atoe amri ya kumfukuza, isipokuwa akiingia kwenye mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Haijalishi aliingia nchini na umri gani. Haijalishi kama anakumbuka kokote kwingine.

Uraia wa yule mkubwa ungeweza kuombwa alipokuwa mtoto. Mama yake alikuwa na nia hiyo kila mwaka. Ada ya kumwandikisha mtoto mmoja imewahi kuzidi pauni 1,000, na kwa mama anayefanya kazi za usiku kila mwaka ulikuja na jambo lililokuwa la haraka zaidi: kodi ya nyumba, nauli ya msiba. Mtoto ana kibali cha kudumu, haraka ya nini? Sasa ana hukumu ya jinai, na kwenye maombi ya uraia wanakagua mwenendo wa mwombaji.

Nimewasikia watu wakimlaumu mama. Mimi siwezi. Ni nani kati yetu hana faili moja la muhimu ambalo amekuwa akisema atalishughulikia mwezi ujao?

Ukarimu uliogeuka ushahidi

Wakili alitueleza vizuri, kwa subira. Kwa aliyefungwa chini ya miaka minne kuna upenyo ulioandikwa mwaka 2014. Inabidi aonyeshe mambo matatu kwa pamoja: kwamba ameishi kihalali Uingereza sehemu kubwa ya maisha yake, kwamba amejichanganya na jamii na utamaduni wa kule, na kwamba akirudishwa atakutana na vikwazo vikubwa mno vya kuanza maisha.

La kwanza lipo kwenye mafaili. La pili serikali inabisha, inasema mtu aliyejichanganya na jamii haivamii usiku kwa kisu. Hoja hiyo ina uzito, sikatai, ingawa najiuliza uvamizi ule alijifunza katika jamii ipi kama si hiyohiyo.

La tatu ndilo lililotutoa jasho.

Kwenye jalada la serikali kuna picha. Imepewa namba ya kielelezo na kupigwa muhuri pembeni. Ni ya likizo moja, mtoto ana miaka kumi na moja, amezungukwa na binamu zake, wote wanacheka, yeye peke yake kavaa soksi zilizovutwa mpaka magotini. Ilitoka kwenye ukurasa wa mama yake mtandaoni. Chini yake imeandikwa kwamba mhusika ana mahusiano hai na ndugu katika nchi ya asili.

Kuna pia suala la lugha. Kiswahili chake ni cha kuitikia: ndiyo mama, nakuja, sijui. Akigombezwa anaelewa yote. Ukimwambia ajieleze, anahamia Kiingereza baada ya maneno mawili. Kwa serikali, hilo si kikwazo, kwa kuwa nchi anayorudishwa Kiingereza kinatumika ofisini na shuleni.

Halafu wakili akafika kwa ndugu. Alisema ndugu yeyote atakayejitolea kumpa malazi, kazi au fedha za kuanzia, maneno yake yakifika mbele ya jaji yatasomwa kama dalili kwamba vikwazo si vikubwa mno. Hakusema tufiche kitu. Alisisitiza mara mbili kwamba atakayeulizwa lazima aseme kweli. Alikuwa anatueleza tu mizani ilivyokaa.

Mjomba hakuambiwa afute. Alifuta mwenyewe, alfajiri, baada ya kusikiliza maelezo yale kwenye simu ya binti yake. Kisha akanipigia.

"Mwanangu," akasema, "kumbe nikimpokea namponza?"

Nilikosa la kumjibu. Mjomba huyu nyumba yake imelaza kila mtu wa ukoo aliyewahi kushuka mjini na begi. Hajawahi kumuuliza mtu anaondoka lini. Leo wema wake umewekwa kwenye mizani ya mahakama ya mbali, na unamzidishia kijana uzito upande mbaya.

Nilijaribu kuitetea sheria, niseme kweli. Jaji afanyeje? Anatakiwa kupima ugumu wa maisha ya mtu huko aendako, na mtu mwenye mjomba na chumba kweli ana nafuu kuliko asiye na mtu. Hilo halihitaji digrii. Lakini kadiri ninavyolitazama ndivyo linavyozidi kunikera, kwa sababu familia iliyomtupa mtoto wake, isiyopokea simu, inamsaidia kwenye rufaa kuliko sisi tunaochanga. Na sijaona mtu aliyependekeza kipimo kingine kisichokuwa na kasoro hii.

Ninachojua ni kwamba chumba cha mjomba kinajibu swali la usiku wa kwanza. Hakijibu swali la mwaka wa pili, anapotafuta kitambulisho na ofisi zinamuuliza alisoma shule gani ya msingi, mwenyekiti wa mtaa wake ni nani na kwa nini anazungumza hivyo.

Eti si adhabu

Kilichonishangaza nilipoanza kusoma ni kwamba kisheria, yote haya hayahesabiwi kuwa adhabu. Adhabu ilikuwa ile miaka mitatu. Huku kufukuzwa ni hatua ya kiutawala kwa manufaa ya umma.

Fikra hiyo ni ya zamani na imeenea. Marekani ilipitisha mwaka 1892 sheria iliyowataka vibarua wa Kichina wawe na cheti cha ukaazi, na asiyekuwa nacho alete shahidi mzungu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1893, kwa jina la Fong Yue Ting, na majaji wengi wakaamua kwamba amri ya kumwondoa mgeni nchini si adhabu ya kosa. Jaji David Brewer alipinga. Aliandika kwamba kila mtu anajua kuwa kumng'oa mtu kwa nguvu kutoka kwenye nyumba yake, familia, marafiki na biashara, ukamvusha bahari hadi nchi ya mbali, ni adhabu, tena mara nyingi ni kali na ya kikatili.

Alishindwa kwa kura. Na kuanzia hapo mambo mengi yanafuata, kwa sababu kinga nyingi za mshtakiwa zimefungwa kwenye neno adhabu. Mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Hili halihusiki, kwa kuwa mara ya pili si adhabu. Sheria mpya haiadhibu kosa la zamani. Hili nalo halihusiki. Mshtakiwa maskini hupewa wakili na serikali. Kwenye mahakama za uhamiaji za Marekani, ajitafutie.

Mwaka 1996 ndio Wamarekani walionyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Mwaka 1988 walikuwa wameandika orodha fupi ya makosa mazito ya mgeni kufukuzwa: mauaji, biashara ya dawa za kulevya, biashara haramu ya silaha. Miaka minane baadaye orodha ikatanuliwa mpaka ikaingiza wizi wenye hukumu ya mwaka mmoja, hata kama kifungo chenyewe kilisimamishwa na mtu hakulala jela usiku mmoja. Tena ikarudi nyuma. Mtu aliyekiri kosa zamani, akamaliza, akaoa, akafungua duka, aliamka na kukuta kosa lile limepewa jina jipya. Na kwa makosa ya orodha hiyo, jaji wa uhamiaji alinyang'anywa nafasi ya kutazama maisha ya mtu na kumsamehe.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikutana na José Padilla, mzaliwa wa Honduras, mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40, aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa akiendesha lori lenye bangi. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi juu ya uhamiaji, amekaa nchini muda mrefu mno. Akakiri. Kukiri kule ndiko kulikomfungulia njia ya kufukuzwa. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa, na kwamba kwa mgeni, wakati mwingine hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote ya adhabu anayopewa.

Hawakuifuta kauli ya 1893. Waliizunguka tu. Lakini tangu siku hiyo ni vigumu kuisoma kauli ile na uso mkavu.

Mama mkubwa

Kuna sauti moja kwenye grupu ambayo siwezi kuiacha nje, kwa sababu ndiyo inayonitoa kwenye raha ya hoja zangu.

Mama mkubwa anaishi hukohuko Uingereza. Miaka ya nyuma aliwahi kuwekewa kisu shingoni akitoka zamu ya usiku. Mpaka leo, kijana akikaa nyuma yake kwenye basi, anahama kiti. Alituma sauti fupi: "Nampenda, nimembeba mgongoni. Lakini aende. Yule waliyemvamia naye ana mama."

Dakika kadhaa baadaye akatuma mchango wake wa wakili. Ukimuuliza vinakaaje pamoja, anakwambia usimchoshe.

Niliongea naye kwa simu Agosti 2025, siku serikali ya kule ilipotangaza mpango wa kuwaondoa wafungwa wengi wa kigeni mara tu wanapohukumiwa, England na Wales, badala ya kungoja watumikie kifungo kwanza. Waliofungwa maisha na magaidi hawamo. Hesabu iko wazi: wageni ni kama asilimia 12 ya wafungwa, na serikali inasema nafasi moja ya gereza inagharimu wastani wa pauni 54,000 kwa mwaka. Magereza yamejaa.

Nikamuuliza: kama aliyekuwekea kisu angekuwa mgeni, akahukumiwa leo, kesho akapandishwa ndege, akifika kwao akawa mtu huru, ungefurahi?

"Huru vipi?"

Nikamweleza kwamba kifungo cha kule hakimfuati. Anapigwa marufuku kurudi, basi.

Alikasirika, na hasira hiyo ilinifundisha kitu. Alichotaka yeye ni mtu yule akae ndani, ajue alichofanya, na asimguse mwingine. Kumwondoa kunamsaidia kutokutana naye kwenye basi. Hakumpi lile la kwanza kabisa, na la mwisho kunalihamishia kwa wanawake wa mtaa mwingine wanaotoka zamu ya usiku, ambao hawana kura Uingereza.

Mizigo inayosafirishwa

New Zealand wanalijua hili vizuri kuliko wengi, ingawa wao si nchi ambayo watu huizoea kwenye habari za aina hii. Desemba 2014 Australia ilibadili sheria yake, kifungu cha 501, ili mgeni mwenye hukumu ya miezi 12 au zaidi afutiwe viza moja kwa moja. Raia wa New Zealand wamezoea kuhamia Australia kama mtu anayevuka barabara, wengi wakiwa watoto wachanga. Wakaanza kurudishwa kwa mamia, mpaka watu wakawapa jina la namba ya kifungu, mafaivu-o-wani. Novemba 2015 Bunge la New Zealand lilipitisha haraka sheria ya kuwaweka chini ya uangalizi wanaposhuka, kwa sababu waliokuwa wanafika hawakuwa na ndugu, nyumba wala daktari. Genge la pikipiki la Comanchero lilifika nchini humo kwa njia hiyohiyo.

Februari 2020 waziri mkuu Jacinda Ardern alisimama Sydney, mwenyeji wake Scott Morrison, waziri mkuu wa Australia, akiwa kando, akamwambia mbele ya kamera asiwafukuzie watu wake na matatizo yake. Msirushe watu wenu kwetu, yaani. Ni nadra kuona kiongozi akimsema mwenzake hivyo akiwa mgeni wake.

El Salvador hawakuwa na sauti hiyo. Magenge ya MS-13 na Mtaa wa 18 yalianzia Los Angeles, yakakuzwa na watoto wa wakimbizi na wahamiaji, kisha miaka ya 1990 vijana hao wakamwagwa kwenye nchi iliyotoka vitani mwaka 1992. Cambodia ilisaini mwaka 2002 kuwapokea waliohukumiwa Marekani, na baadhi ya waliorudishwa walizaliwa kwenye kambi za wakimbizi Thailand. Walirudishwa mahali ambapo hawakuwahi kukanyaga.

Na sasa hata hilo la "kwao" limeanza kuachwa. Mei 2025 Marekani iliwapakia wanaume wanane wenye hukumu za makosa mazito kuelekea Sudan Kusini. Jaji wa Boston akazuia, wakashushwa kwenye kambi ya kijeshi Djibouti, wakakaa majuma kadhaa ndani ya kontena lililogeuzwa chumba. Mmoja tu ndiye aliyekuwa Msudani Kusini. Wengine walitoka Cuba, Laos, Mexico, Myanmar na Vietnam. Julai wakafikishwa Juba. Mwezi huohuo wengine watano wakapelekwa Eswatini, hakuna hata mmoja mwenyeji wa huko, wakatiwa gerezani. Swali la bibi yetu lingeulizwa pale, angejibiwa na nani?

Nisije nikaonekana nawasema wazungu peke yao. Kwetu pia mgeni akimaliza kifungo anapigwa PI, yaani anatangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, na kusindikizwa mpakani, na hakuna anayechanga wala anayeandika makala. Hakuna hata anayeuliza aliingia na umri gani.

Kwenye skrini

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Kiarie na Byndloss. Kiarie ni Mkenya aliyefikishwa Uingereza mwaka 1997 akiwa na miaka mitatu. Serikali ilitaka aondolewe kwanza, rufaa ataipigania akiwa Kenya. Majaji walikataa. Walisema rufaa ya aina hiyo haiwezi kuwa ya haki ikiwa mtu hawezi kutoa ushahidi kwa njia ya maana, na video ya kutoka ng'ambo ilikuwa na vikwazo vingi vya fedha na mitambo.

Serikali ikajipanga upya, ikaboresha hizo video, ikarudi. Orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kufukuzwa kwanza na kukata rufaa baadaye ilikuwa na nchi nane, Tanzania ikiwemo. Agosti 2025 ikatangazwa kufikia 23, na Kenya na Uganda zimo.

Sikuona mjadala wa maana upande wetu. Ndilo linaloniudhi zaidi hapa. Mtu hawezi kushushwa bila hati ya kusafiria, na kama hana pasipoti, hati hiyo inatoka ubalozini kwetu. Yaani tuna mkono kwenye mlango. Tungeweza kusema: sawa, raia wetu tunampokea, lakini tuleteeni jalada lake la matibabu, vyeti vyake vya shule, taarifa ya kosa lake na lini alifika kwenu. Wakati anasubiri, apewe namba ya utambulisho, ili asishuke akiwa mtu asiye na karatasi katika nchi inayodaiwa kuwa yake. New Zealand walau walijipangia uangalizi. Sisi tunapiga muhuri.

Yule kijana wetu aliwahi kuhojiwa na mtu wa ubalozi kwa simu ili kuthibitisha asili yake. Akaulizwa kwa Kiswahili babu yake anaitwa nani na anatoka wapi. Jina alilijua. Mahali hakuweza kupataja, akataja uwanja wa ndege. Wakaona inatosha.

Kabla ya miaka 13

Wafaransa walikuwa na jina la jambo hili tangu zamani, adhabu maradufu. Aprili 1981 pale Lyon, padri Christian Delorme na mchungaji Jean Costil waligoma kula pamoja na kijana wa Kialgeria aliyekuwa akingoja kufukuzwa, wakidai vijana waliokulia Ufaransa waachwe. Ufukuzaji ukasitishwa. Mapambano yakaendelea kwa miaka, na Novemba 2003 ikapita sheria iliyoweka mstari: aliyekuwa akiishi Ufaransa tangu kabla ya kutimiza miaka 13 hafukuzwi, ukiacha makosa machache ya hatari kwa dola. Aliyeipeleka bungeni ni Nicolas Sarkozy, waziri wa mambo ya ndani, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumshutumu kwa ulaini. Januari 2024 sheria mpya ikaudhoofisha mstari huo kwa waliohukumiwa makosa mazito.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwahi kusema jambo la karibu na hilo mwaka 2008, kwenye kesi ya Maslov, Mbulgaria aliyefika Austria akiwa na miaka sita na kuanza kuvunja maduka na magari akiwa na kumi na minne. Kwa mtu aliyeishi kihalali utoto wake wote au sehemu yake kubwa mahali pamoja, ilisema, zinahitajika sababu nzito sana kumfukuza.

Mimi nimefika hapo, kwenye mstari wa 2003. Mtu mzima aliyehamia na akili zake, akaua au akabaka, akirudishwa baada ya kutumikia kifungo sitaandika barua ya kumtetea. Kilio cha wanawe nitakisikia, na bado sitaandika. Lakini aliyeletwa akiwa na miaka minne amefundishwa, amechanjwa, ameadhibiwa na kuharibikia katika nchi moja. Pasipoti ya kwetu ni kumbukumbu ya mahali mama yake alipojifungulia.

Nilimsomea mama mkubwa aya hiyo kabla sijaichapisha. Akasema imeandikwa vizuri. Kisha akauliza: "Akiachwa, mwakani akamvamia mtoto wa mtu mwingine, utampelekea huyo mtoto hiyo miaka 13?"

Nikamwambia amtazame mdogo wa kijana yule. Yeye amebaki, na hakuna aliyeandamana. Ana afisa ambaye yeye huripoti kwake, ana masharti ya mahali asipotakiwa kuonekana, na akiyavunja anarudishwa jela kumalizia kifungo bila kesi mpya. Alikuwa bega kwa bega na kaka yake usiku ule. Kwa maelezo ya polisi, kisu kilikuwa mfukoni kwa huyu mdogo. Mipango yote ya kumlinda mtoto wa mtu mwingine dhidi yake ipo na inalipiwa, na mpaka sasa inafanya kazi. Ofisi anayoripoti iko dakika chache kutoka kwa mama yao. Ina meza na daftari la saini, na hakuna kinachoizuia kuongeza jina moja.

"Hilo la kisu sikulijua," mama mkubwa akasema.